Ufito mmoja kwa watu wawili: jinsi ya kuandaa safari ya trauti ya kila mwaka na marafiki

Kila Alhamisi ya tatu ya Februari, saa kumi alfajiri, tunakutana kwenye kituo kimoja cha mafuta mjini Thika tukiwa na magari mawili, gunia la makaa, nazi kumi na fito tatu za kuvulia. Tunaelekea milima ya Nyandarua, kule juu kwenye baridi, kutafuta trauti, samaki wa mito ya maji baridi. Tumekwenda mara 11 sasa. Tulisoma shule moja ya bweni, kisha maisha yakatutawanya: mmoja ni mwalimu Kisumu, mmoja ni fundi wa boti Likoni, mmoja ni mkulima wa kahawa Karatina, mmoja ni mhasibu Nakuru, mmoja anafanya kazi Doha na huja likizo yake inaporuhusu, na mimi niko Nairobi.

Watu hutuuliza tumewezaje. Vikundi vingi huenda mara moja, hupiga picha nzuri, huapa kurudi, na mwaka unaofuata kila mtu ana sababu yake. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wanaotaka kurudi. Mambo ya samaki yamo, lakini sehemu kubwa inahusu mipango ya nyumbani, kwa sababu safari ya namna hii haifii mtoni. Hufia kwenye neno "tutapanga".

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, mahali baadaye

Miaka ya mwanzo tulikuwa tunatafuta wikendi inayomfaa kila mtu. Hakuna wikendi kama hiyo. Mwaka wa tatu tulijadiliana kuanzia Januari hadi Agosti na hatukwenda popote. Ndipo tukakubaliana kwamba tarehe ni moja, haijadiliwi, na atakayekosa amekosa mwaka huo tu.

Tulichagua Februari kwa sababu za wazi. Januari mifuko iko wazi, karo za watoto zimemaliza kila kitu. Machi masika yanaanza, mito inajaa matope, na trauti haoni nzi wako, yaani ndoano iliyovishwa uzi na manyoya ifanane na mdudu, hata ukimpitishia mdomoni. Julai na Agosti ukungu hukaa mlimani mchana kutwa. Katikati ya hayo yote kuna Februari kavu, maji maangavu, jua la asubuhi. Tukachukua Alhamisi ya tatu kwa kuwa haiwezi kuangukia tarehe 14, siku ambayo wake zetu wana haki nayo. Nyumbani kwetu sote siku hizo nne zinajulikana kama inavyojulikana Krismasi, na hakuna mtu anayezipangia harusi.

Idadi yenu iwe shufwa, na isizidi sita. Shufwa kwa ajili ya jozi, ambazo nitazieleza mbele. Wakizidi sita, moto mmoja huanza kuwa na mazungumzo mawili, na kufikia siku ya pili mna makundi mawili yaliyolala nyumba moja.

Hatua ya 2: Pesa ziwe zimekwisha kuchangwa kabla hamjazihitaji

Kila mmoja wetu hutuma shilingi 1,500 kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Kwa mwaka ni 18,000 kwa mtu, na kwa watu sita ni 108,000. Zinatosha mafuta ya gari, ada za hifadhi, malazi, chakula na ndoano mpya. Mhasibu wetu wa Nakuru ndiye mweka hazina, na kila mwisho wa robo hututumia hesabu kwenye karatasi moja, hata kama hakuna kilichobadilika.

Muhimu kuliko kiasi ni kanuni moja tuliyoiandika mapema, wakati wote tulikuwa na kazi: anayekwama kifedha anaacha kuchanga, anamwambia mweka hazina peke yake, na mfuko unambeba. Wengine hawaambiwi. Mmoja wetu aliwahi kusimamishwa kazi mwezi wa Septemba, na mpaka leo ni watu wawili tu wanaojua kwa hakika alichanga miezi mingapi mwaka ule. Februari alikuwa Thika saa kumi alfajiri na buti zake. Kama kanuni hiyo tungeitunga siku ile alipokwama, ingekuwa sadaka, na asingekuja.

Hatua ya 3: Chagueni maji kwa kuangalia mguu dhaifu kuliko yote

Trauti si samaki wa kwetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, na Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Yalikuja kwa meli hadi Mombasa, yakapanda reli, kisha wapagazi wakayabeba kupandisha mlima hadi mto Gura. Kila nikivuka Gura huwafikiria wapagazi wale: mzigo wa mayai ya samaki wasiyemjua, baridi ile, na agizo la kutoyaacha yapate joto. Majina yao sijayaona popote. Jina la Grogan liko kila mahali, pamoja na habari kwamba mwaka 1907 aliwachapa Wakikuyu watatu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Trauti upinde, mwenye ukanda wa waridi ubavuni, alifuata miaka michache baadaye, na mwaka 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti kikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Kama kuna mgeni kati yenu ambaye hajawahi kumwona samaki huyu, piteni Kiganjo njiani amwangalie akiwa hai kwenye mabwawa. Atajua anatafuta kivuli cha namna gani.

Trauti anataka maji baridi, chini ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi, yenye kasi na hewa nyingi. Kwa hiyo hapa Kenya mnapanda. Kuna mito ya Mlima Kenya: Thego, Naro Moru, Burguret, Sirimon. Kuna maziwa ya juu kama Ellis, Alice na Rutundu, ambako mnalala kwenye baridi kali na kutembea sana. Na kuna Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, kwenye milima hii ya Nyandarua, yenye Chania, Gura, Karuru na Magura.

Sisi tulianzia ziwa Ellis, karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, tukiwa na miaka thelathini na kitu na magoti mazima. Goti la mweka hazina lilipoharibika, tulikuwa na chaguo mbili: kumwacha au kuhama. Tukahama. Sasa tunakwenda nyumba za mawe za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, karibu na lango la Kiandongoro, juu ya Nyeri, ambako gari linafika mlangoni na kuna kilindi kizuri hatua chache kutoka barabarani. Kilindi hicho ni chake. Hakuna mtu mwingine anayetupa nzi pale mpaka aseme amechoka.

Kwa mwenzetu wa Karatina mahali hapa pana uzito mwingine. Babu yake alikuwa msituni humu miaka ya Mau Mau, na alimweleza jinsi walivyokuwa wakinywa maji ya mito hii usiku kwa kulala kifudifudi, bila kutumia viganja, ili maji yasitoe sauti. Alitusimulia hilo mwaka wetu wa kwanza Nyandarua, amesimama ndani ya Chania. Samaki hawa waliletwa kwa ajili ya watu wengine, na mto ulikuwa wa kina babu zake. Anapovua pale huvua kama mtu aliye kwao.

Hatua ya 4: Karatasi

Fupi, lakini usiiruke. Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo lipeni mkiwa mjini kwenye mtandao. Malazi tunaagiza Oktoba. Kila anayeshika ufito awe na leseni ya kuvua, na asome masharti yake: idadi ya samaki, ukubwa, na kwamba kwenye mito hii ni nzi bandia tu, hakuna minyoo. Ombeni askari wa hifadhi wa kuwasindikiza mtoni. Nyati na tembo wako kila upande. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni madumu na vikombe.

Hatua ya 5: Jioni ya kufunga nzi

Vifaa vya lazima ni vichache. Ufito mwepesi wa futi nane au tisa, rili yake ya kukunjia mshipi, mshipi mzito maalumu wa kurushia nzi, na mbele yake nailoni nyembamba ya urefu kama wa ufito wenyewe. Wavu wa mkono. Koleo ndogo. Gambuti. Boshori, sweta mbili, koti la mvua, tochi. Nguo ziwe za rangi ya majani makavu. Shati jeupe waachieni wa harusini.

Nzi ndio hufungwa kwa mkono, na hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa sababu nzi wanauzwa. Msiiruke. Wiki mbili kabla ya safari, tulioko karibu hukutana Karatina, kwenye meza ya jikoni, tukafunga nzi hadi usiku. Unaibana ndoano ndogo, namba 12, kwenye jiliwa. Unaizungushia uzi mweusi kutoka jichoni hadi inapoanza kupinda, ukirudi unavimbisha tumbo kwa sufi nyeusi, nene karibu na kichwa, nyembamba mkiani. Halafu unachukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, unaushika ncha, unauzungusha mara tatu nyuma ya jicho la ndoano mpaka vinywele vyake vinasimama pande zote kama miguu. Fundo, tone la gundi, basi. Huyo ni ndugu wa nzi mweusi ambaye wavuvi wa hapa humwita Kenya Bug, na mtoni anafanana na mdudu mchanga anayepanda juu ya maji kugeuka. Trauti wa Chania humwamini.

Kabla nzi hajaingia kwenye kijaluba, bana kile kijino cha ndoano kwa koleo mpaka kilale kabisa. Mwaka wetu wa kwanza ndoano ilimnasa mwalimu nyuma ya sikio, kijino kikiwa kizima, na tuliendesha gari hadi zahanati moja kutafuta mtu wa kuitoa. Tulifika saa tatu usiku, na wakati wote huo alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma, mwenzetu wa Likoni akimshikia nzi asitikisike. Ndoano isiyo na kijino hutoka kwa kuivuta tu, kwenye sikio na kwenye mdomo wa samaki vilevile.

Yule wa Doha naye hufunga nzi wake kule, chumbani kwake. Tunampelekea manyoya ya kanga na ya jogoo kupitia mtu yeyote anayesafiri. Mwaka ambao hakuja, nzi wake walikuja: 24 ndani ya kopo la peremende, wamepangwa kwa safu.

Hatua ya 6: Chakula, na ukweli kuhusu mita 3,000

Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi. Maharage hayataiva. Mahindi hayataiva. Utakaa na sufuria hadi usiku wa manane ukidhani moto ni mdogo. Kwa hiyo githeri huchemshwa Karatina, nyumbani kwa mkulima wetu, na kule juu tunaikaanga tu kwa vitunguu na nyanya. Chapati zinasukumwa siku ya Jumatano. Wali unawezekana, lakini weka jiwe juu ya kifuniko na uupe muda. Makaa bebeni wenyewe. Kuni za hifadhini haziokotwi.

Msihesabu samaki kama chakula. Mkipanga mlo wa kutegemea trauti, mtu ataanza kuvua kwa hasira.

Nazi kumi ni za mwenzetu wa Likoni, na huja na mbuzi yake ya kukunia. Ataelezwa chini.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza msivue

Mnafika saa sita au saba mchana. Mto unasikika. Kila mtu anataka kukimbia. Msikimbie: mmetoka chini, hewa ni nyembamba, na mwenzetu wa Likoni ametoka usawa wa bahari kabisa. Kunyweni maji mengi, pangeni vitanda, tembeeni polepole hadi mtoni mikono mitupu, mkae juu ya mawe mtazame. Anayeumwa na kichwa alale akiwa amevaa boshori. Kichwa kikizidi na akaanza kutapika au kuyumba, ateremshwe usiku uleule bila mjadala, hata kama ndiye mwenye gari.

Jioni hiyo pigeni kura za jozi za kesho, kama hamkuzipiga mwishoni mwa safari iliyopita (tazama Hatua ya 11).

Hatua ya 8: Ufito mmoja kwa watu wawili

Hapa ndipo kiini cha yote. Watu sita, fito tatu. Tungeweza kununua nyingine tatu. Mfuko una pesa. Hatununui.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na ufito wake. Tulikuwa tukifika mtoni, tunatawanyika, mmoja huku mwingine kule, na jioni tunarudi kila mtu na siku yake. Tulikuwa tumesafiri saa nyingi ili tukae mbalimbali. Kisha mwaka mmoja fito mbili zilivunjika mlango wa gari ulipofungwa, zikabaki nne kwa watu sita, ikabidi wengine wawe wawiliwawili. Jioni ile jozi mbili ndizo zilizokuwa na maneno motoni. Mwaka uliofuata tukaacha fito nyumbani kwa makusudi.

Utaratibu ni huu. Jozi hupangwa kwa kura na hubadilika kila asubuhi. Mmoja anavua, mwingine ana zamu ya macho. Mwenye zamu ya macho ana kazi tatu: kuangalia nyuma na vichakani kama kuna nyati, kuonyesha samaki alipo kwa sababu aliyesimama pembeni huona ndani ya maji kuliko anayevua, na kushika wavu. Kutoa ushauri si kazi yake mpaka aombwe. Ufito unabadilisha mkono samaki akitua wavuni, au nusu saa ikiisha, au nzi akinasa mtini mara tatu. Tukiwa watano, jozi ni mbili na wa tano anabaki kambini kuangalia moto na chai.

Kuvua kwenyewe: trauti husimama akielekea mkondo unakotoka, akingoja maji yamletee chakula. Kwa hiyo njoo kwa nyuma yake, kutoka chini ukipanda juu. Inama. Kanyaga polepole, kwa maana ukingo wa majani hutikisika na yeye husikia hatua kabla hajakuona. Tazama pale maji ya kasi yanapokutana na maji tulivu, nyuma ya mawe makubwa, na chini ya ule mstari wa povu unaoteremka katikati ya kilindi. Anza mwisho wa kilindi, maana ukitupa nzi juu kwanza mshipi wako utawapita walioko chini na kuwatimua wote.

Aliyezoea mshipi wa baharini atapata taabu siku ya kwanza. Baharini risasi ndiyo inayobeba ndoano. Huku nzi hana uzito. Mshipi ndio unaombeba. Uinue ufito mpaka uwe juu ya bega lako, ungoje mshipi unyooke nyuma yako, halafu usukume mbele bila nguvu na uache. Kungoja huko ndiko kugumu. Kama nyuma yako kuna miti, usirushe nyuma kabisa: vuta mshipi taratibu juu ya maji mpaka mkono ufike karibu na sikio na mshipi uning'inie kama kitanzi, kisha usukume mbele nao utajikunjua juu ya maji. Nzi akitua, mwache aende na maji. Mshipi ukisita au ukivutika hata kidogo, inua ufito.

Na mnapoendelea hivyo, mtu huanza kusema. Nimefikiria sana kwa nini. Mmesimama bega kwa bega, macho yenu yote mawili yako majini, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maji yana sauti ya kutosha kufunika maneno yakitoka vibaya. Wanaume wa rika letu hatukufundishwa kukaa mezani na kusema yaliyotupata. Mtoni yanatoka.

Miaka mitatu iliyopita kura ilinipanga na mwalimu. Tulikuwa Chania, saa nne asubuhi, mimi nikiwa na wavu. Alikuwa akifungua fundo kwenye nailoni kwa meno, kisha akasema, "Daktari amesema ni sukari."

"Tangu lini?"

"Novemba." Akatema kipande cha nailoni, akamrusha nzi. "Bado sijamwambia mama watoto."

Nilitaka kumgeukia. Akanionyesha kwa kidevu: "Yule pale. Nyuma ya jiwe. Shika wavu." Na kweli alikuwapo, na alimla nzi, na tukamtoa, trauti wa kahawia mwenye madoa mekundu, kama kiganja na nusu. Mwalimu akamrudisha. Tukakaa juu ya jiwe akanieleza yaliyobaki, mpaka jinsi alivyokuwa akiificha mashine ya kupimia damu ndani ya mfuko wa chaki. Alinipa ruhusa kumwambia mpishi wa zamu, yeye tu. Kesho yake chai ilipikwa bila sukari, na bakuli la sukari likawekwa pembeni na kijiko chake. Hakuna aliyeuliza. Tangu hapo chai yetu hupikwa hivyo. Jumapili ile, tukiteremka, mwalimu aliomba gari lisimame simu ikishika mtandao, akampigia mkewe akiwa amesimama kando ya barabara.

Kanuni inayofuatana na hii: yaliyosemwa mtoni hayaletwi motoni na mwingine. Mwenyewe akitaka atayaleta.

Hatua ya 9: Samaki mkononi

Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Kiganja kikavu humtoa ute unaomlinda ngozi. Kama unamrudisha, mtoe ndoano akiwa bado ndani ya wavu majini, mshike chini ya tumbo akielekea mkondo unakotoka, ungoje. Mashavu yake yatafunguka na kufunga, mara ya kwanza polepole. Usimsukume. Ataondoka mwenyewe, utausikia mkia wake kwenye vidole.

Kama unamla, mgonge kichwani mara moja kwa kitu kizito ili asiteseke. Mpasue kutoka tunduni hadi chini ya taya, toa utumbo, kisha pitisha ukucha wa gumba kwenye ule mstari mweusi wa damu ulioshikamana na uti wa mgongo mpaka uishe. Ukiachwa unatia uchungu. Magamba yake ni madogo sana, hayaparwi. Sisi hula samaki mmoja kwa mtu, usiku wa Ijumaa tu. Wengine wote wanarudi.

Sasa zile nazi. Wengi humchoma trauti kwa siagi na limau, na ni mtamu. Mwenzetu wa Likoni aliona hiyo haitoshi. Hukuna nazi ameketi juu ya mbuzi yake mbele ya nyumba, amevaa makoti mawili, ukungu ukimpita. Tui zito analichemsha na ukwaju, bizari, pilipili na chumvi mpaka lishikane na kijiko. Mwaka wa kwanza alimpaka trauti kama anavyompaka changu, akamgeuzageuza juu ya makaa, na samaki akamvunjikia wote, kwa sababu nyama ya trauti ni laini. Sasa humpaka mafuta ngozini na chumvi na kitunguu saumu tumboni, anamweka kwenye wavu wa chuma juu ya makaa yasiyo na mwali, dakika tano, anamgeuza mara moja tu, ndipo anaanza kupaka tui upande ulioiva, tabaka baada ya tabaka, dakika tano nyingine. Mkulima wa Karatina, aliyekua akiamini samaki ni nyoka wa majini, hula kichwa na mkia.

Hatua ya 10: Daftari

Nunueni daftari la shule la kurasa 200, mlifunge kwa karatasi ngumu. Kila usiku mmoja anaandika: mto, jozi, nzi aliyetumika, samaki wangapi, wangapi wamerudishwa, hali ya maji. Baada ya miaka mitano daftari letu lilianza kutusaidia. Tunajua kilindi gani hutoa samaki asubuhi na kipi jioni. Chini ya hesabu hizo kila mtu anaandika mstari mmoja wa kwake, wowote. Asiyekuwapo huandikiwa jina na mahali pake huachwa wazi, na mwaka akirudi hupewa kalamu aujaze kabla hajala.

Hatua ya 11: Pangeni mwaka ujao kabla ya kuwasha magari

Jumapili asubuhi osheni fito kwa maji safi, kausheni mshipi, kusanyeni hata uzi mmoja wa nailoni. Ndege hunasa miguu. Majivu yakishapoa yafukieni au mteremke nayo. Halafu, mkiwa bado mmesimama nje ya nyumba, amueni mambo mawili: nani ataagiza malazi Oktoba, na jozi za asubuhi ya kwanza ya safari ijayo. Zile za siku nyingine zitangoja, lakini hiyo moja ipigiwe kura sasa, na majina yote sita yaingie kwenye kofia, pamoja na la asiyekuwapo. Matokeo yaandikwe kwenye daftari.

Simu zetu hushika mtandao tukiwa tunateremka kuelekea Ihururu. Hapo husimamisha magari na kumpigia yule wa Doha, simu ikiwa juu ya boneti. Mwaka huu hakupata likizo. Tulimweleza maji yalivyokuwa, tukamsomea hesabu za daftari, tukamwambia nzi wake mwenye unyoya wa kanga alitoa samaki wanne kwenye Magura. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza asubuhi ya kwanza ya mwaka ujao yuko na nani.

Nikafungua ukurasa nikamwambia yuko na mimi, na kwamba atangulie kushika ufito.